Mkuyu "ulilia" au mkuyu "alilia"? Kesi ya hadithi na heshima ya miti

#1 Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba mnisaidie kuamua kesi, maana mwenyewe imenishinda na mshitakiwa ana miaka kumi na moja.

Nafundisha Kiswahili na Sayansi darasa la tano, hapa Morogoro. Wiki iliyopita niliwapa insha: "Kitu kilicho karibu na shule yetu". Wengi wakaandika duka, geti, kisima. Binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma akaandika kuhusu mkuyu ulio nyuma ya vyoo, kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Alianza hivi: "Mkuyu wetu alilia usiku kwa sababu aliwasikia watu wazima wanamzungumzia." Nikashika kalamu nyekundu. Nikakata "alilia" nikaandika juu yake "ulilia". Nikakata "aliwasikia" nikaandika "uliwasikia". Nikashuka hivyo hadi chini ya ukurasa, daftari likawa kama kuku amechinjiwa juu yake.

Akaja mezani. "Mwalimu, mbona kima umemwachia 'alilia'?"

Nikamwambia kima ni mnyama, na ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai.

Akanyamaza kidogo, kisha: "Lakini kwenye Sayansi ulisema mimea ni viumbe hai."

Wakuu, kengele ndiyo iliyoniokoa.

Sasa huyo kima katoka wapi? Ijumaa kipindi cha mwisho huwa nawasimulia, maana saa ile hakuna mtoto anayesikiliza viambishi. Niliwapa kisa cha kima na papa, kile cha Unguja ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikipiga chapa London mwaka 1870, na bibi yangu alikisimulia bila kujua Steere ni nani. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioota ufukweni, nusu ya matawi iko upande wa mji, nusu juu ya maji. Akila makuyu anamtupia na papa anayepita chini. Urafiki ukakolea, papa akamwambia panda mgongoni twende kwetu nikakukirimu. Wapo katikati ya bahari papa akafunguka: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamwambia, ah, rafiki yangu, si ungesema tukiwa kule kule? Sisi kima tukitembea mioyo yetu tunaiacha mtini. Nirudishe nikauchukue.

Darasa zima likacheka ujinga wa papa. Yule binti hakucheka. Aliuliza: "Upo tawi gani?" Nikamweleza kwamba kima alidanganya ili ajiokoe. Akasema sawa. Lakini Jumatatu wakati wa mapumziko nilimkuta chini ya ule mkuyu, kakunja shingo, anahesabu matawi kwa kidole.

Na hao watu wazima aliowasikia wapo kweli. Kuna mpango wa kuuangusha. Mizizi inainua sakafu ya vyoo, makuyu yakidondoka yanaoza yanaleta nzi, usiku popo wanafanya fujo. Sababu zote ni za kweli, sizibishii.

Kinachonisumbua ni hiki. Nimefundisha ngonjera za "Tutunze Mazingira" miaka na miaka. Watoto wanaghani macho yapo dirishani, wakitoka nje wanavunja matawi ya mjohoro wapate fimbo za kuchapana. Halafu uongo wa kima, ambao haujataja neno mazingira hata mara moja, umemsimamisha mtoto chini ya mti anatafuta moyo. Ndiyo nauliza: hadithi gani ilikufanya wewe uutazame mti kwa jicho jingine? Na pili, nimrudishie yule mtoto alama zake au nikaze?

#2 Chelewa ya Ufagio

Nimevuta kiti, kahawa ipo. Uzi umeanza na nyama kabisa.

Mimi upande wa mtoto. Mrudishie alama zake.

#3 Fundi Msumeno

Mwalimu heshima yako, ila leo tutatofautiana. Mimi nakata miti, ndiyo kazi yangu, nipo hapa hapa Moro mitaa ya Msamvu. Hadithi hazipiki ugali. Mkaa ndio unapika. Mtu wa kijijini anayechoma tanuri la mkaa hakukosa hadithi utotoni, alisimuliwa zote na bibi yake, tena zaidi yenu nyinyi wa mjini. Amekosa hela ya daftari la mtoto. Ukitaka aache kukata, mpe kitu kingine cha kuuza, acha kumpa sungura na fisi.

Halafu niwaambie siri ya kazi. Mti mgumu kukata kwa sababu ya hadithi upo: mkwaju. Nilipoanza kazi fundi wangu alinikanya, saa sita mchana usipite chini ya mkwaju, kuna wenyewe. Na mbuyu hivyo hivyo. Tuliikwepa. Kila mtu aliikwepa. Sasa hivi kijana anakuja na msumeno wa petroli, spika imefungwa kwenye pikipiki, muziki juu, mkwaju uko chini kabla muziki haujabadilika. Jini gani litakaa pale? Hofu ilifanya kazi enzi za shoka, kwa sababu shoka linakupa muda wa kuogopa.

Kwa hiyo msichanganye. Kuogopa mti si kuuheshimu.

#4 Mwalimu wa Zamu

@Fundi Msumeno hiyo ya shoka nimeiandika pembeni, nitaiiba. Kuhusu mkaa sina jibu, na sitajifanya ninalo. Lakini mkuyu wetu hauangushwi na mwenye njaa. Unaangushwa na kikao.

#5 Mrima wa Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Fundi, umesema kweli nusu. Njoo kwetu nikuonyeshe nusu ya pili.

Sisi Wamijikenda tuna kaya. Kaya ni msitu ambao ndani yake palikuwa na kijiji cha mababu, na wazee wetu husimulia kwamba tulitoka Singwaya huko kaskazini tukifukuzwa, tukajificha katika misitu hii juu ya vilima, tukazika fingo, yaani dawa ya jadi ya kutulinda. Wanahistoria wamebishana miaka mingi: je, safari ya Singwaya ilikuwa hivyo kweli, au kila kabila lilijiunga na hadithi njiani? Mimi si mwanahistoria. Ninachojua ni kwamba hukati mti kaya, huokoti hata ukuni uliokauka ukaanguka wenyewe. Kaya Kinondo, kule Kwale, hata mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Ukisimama nje unaona mashamba ya mahindi na minazi, jua linachoma, halafu hatua kumi mbele ni giza la kijani na baridi. Mpaka kati ya hivyo viwili hakuna aliyeuchora isipokuwa maneno ya wazee.

Mwaka 2008 UNESCO waliziingiza kaya kwenye urithi wa dunia, misitu iliyotawanyika kilomita kama 200 kando ya pwani. Watu wa mimea walipoingia kuhesabu walikuta miti ambayo nje ya hapo ni nadra. Na mwaka 1914 Waingereza walipotaka kuwavunja Wagiriama, wenzetu wa Mijikenda walioongozwa na mwanamke aitwaye Mekatilili, walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Fikiria hilo. Walijua nguvu iko wapi. Hawakulipua ghala la silaha, walilipua msitu.

Sasa Fundi, hapo pana hofu, ndiyo. Lakini ndani ya hofu pana simulizi ya sisi ni nani. Kijana anayekata mkwaju wa jini anamkosea jini asiyemjua. Anayekata kaya anakata kwao. Na wapo wanaokata, nisikufiche, siku hizi ardhi ya pwani ina bei. Lakini analala vibaya.

#6 Kiboko ya Ngeli

Turudi kwenye kesi. Nimefundisha sarufi, nina uchungu nayo.

Mwalimu, hukumu yako ya kwanza ilikuwa sahihi na sababu yako ilikuwa mbovu. Usiwaambie watoto "viumbe hai". Sema watu na wanyama. Mkuyu ni M-MI: mkuyu umeanguka, mikuyu imeanguka. Kwisha.

Ila. (Mnajua mwalimu wa sarufi akisema "ila" kaeni vizuri.) Lugha yetu haiangalii vazi tu. Kifaru kavaa KI- lakini hatusemi "kifaru kimelala", tunasema amelala. Kipofu, kijana, kiongozi, hivyo hivyo. Njoo kwenye vazi lenyewe la miti: mkizi na mkunga ni samaki, wingi wao mikizi na mikunga, umbo la miti kabisa, na wavuvi wanasema mikunga wamenaswa. Na mtume je? Mitume wamesema. Mitume wamevaa kanzu ile ile ya miti, na hakuna aliyethubutu kusema "mitume imesema".

Maana yake Kiswahili kina mlango. Kitu tukikiona kina nafsi, tunakipandisha A-WA hata kama vazi lake ni la ngeli nyingine. Miti tumeiacha nje ya mlango huo kwa mazoea. Kwenye fasihi tunaita tashihisi, na tashihisi ina ruhusa zake. Yule binti hakukosea sarufi, alibadilisha uwanja.

Kwenye mtihani wa taifa lakini atakatwa. Mwambie na hilo.

#7 Mtu wa Haki

Wapendwa, nasoma kwa mshtuko kidogo. Miti kulia, kuvaa kaniki, kuzika fingo. Huku si kurudi kwenye ushirikina? Muogopeni Mungu aliyeumba mti. Mimi nawafundisha watoto wangu Mwanzo sura ya pili, mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, inatosha. Mkuyu ninaoujua mimi ni ule aliopanda Zakayo apate kumwona Bwana.

#8 Bimkubwa wa Unguja

Assalaam alaykum nyote. Nnakusoma ndugu yangu #7 na nnakuelewa, nami sipendi mtoto afundishwe kuomba mti.

Lakini kuna jambo nikwambie. Neno letu "hadithi" lina milango miwili. Kuna hadithi ya paukwa pakawa, na kuna Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Hii ni ya mlango wa pili, imo katika Bukhari, nisije nikaeleweka vibaya. Mtume alikuwa akihutubu kaegemea gogo la mtende msikitini. Alipotengenezewa mimbari akaliacha gogo, akapanda mimbari. Gogo likalia. Watu waliokuwepo walilisikia, likalia mfano wa ngamia mwenye mimba. Mtume akateremka, akaweka mkono wake juu yake mpaka likatulia.

Nilisikia haya skuli ya Kurani, niko mdogo. Nnakumbuka nilivyorudi nyumbani nikaugusa mnazi wa uani. Siuabudu. Niliugusa tu, kama mtu anavyomgusa mwenziwe.

Na Kiboko ya Ngeli, tazama: tunasema gogo LIKAlia. Hatukusema "akalia". Ngeli haikuzuia machozi. Basi mwalimu wangu, mimi nakaza na wewe, "mkuyu ulilia", na uchungu uko pale pale.

#9 Kiboko ya Ngeli

Bimkubwa umenipiga bao nikiwa nimesimama golini. Sina la kujibu.

#10 Popo wa Mindu

Nilikuwa msomaji tu lakini mmegusa popo. Nasoma misitu Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), nipo mwaka wa tatu.

Kwanza mkuyu. Wazee wanasema kuyu ni zuri nje, ndani mabuu. Walitumia kumsema mtu mnafiki, lakini kibaolojia wamelionea kuyu. Kuyu si tunda kama embe. Ni kama kikombe kilichofunga mdomo, maua yote yamo ndani. Nyigu jike mdogo kuliko punje ya ufuta anajipenyeza kwenye kitundu cha nchani, mbawa zinakatika njiani, hatoki tena. Anachavusha, anataga, anafia humo. Wanawe wa kiume hawana mbawa: wanapandana na dada zao humo gizani, wanatoboa tundu la kutokea, wanakufa. Majike wanatoka na chavua, wanatafuta kuyu jingine, na wana siku chache sana za kulipata. Mkuyu hauna mchavushaji mwingine. Mwalimu, ukipasua kuyu moja mbele ya darasa lako kwa wembe, uwe na kioo cha kukuzia, utakuwa na hadithi ya Ijumaa mbili.

Sasa kuhusu uzi. Mimi sikuingia misitu kwa sababu ya kitabu. Bibi yangu, upande wa Dodoma, alinisimulia ile ya mbuyu kulalamika kila siku, mara haupendi umbo lake, mara unataka maua kama mwenzake, mpaka Mungu akachoka akaung'oa akaupanda kichwa chini miguu juu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema kama miguu iko juu, basi maua yake yatakuwa vidoleni. Nikaenda kutazama. Mchana hukuti kitu, maua yaliyonyauka chini, ya kahawia, yananuka vibaya. Nikarudi jioni na tochi ya kaka. Giza linapoingia, kifundo kinachoning'inia kwenye kikonyo kirefu kama kamba kinaanza kutetemeka, maganda yanapasuka na kujikunja nyuma, na ndani jeupe, kubwa kama kiganja changu cha leo, vinyuzi mamia vinaning'inia chini kama brashi. Baada ya muda wakaja popo. Walikuwa wanajigonga usoni kwenye maua na kuondoka na unga mweupe kifuani. Asubuhi ua limeshachoka.

Hadithi ya bibi ilikuwa uongo mtupu. Lakini ndiyo iliyonipeleka pale saa moja usiku, na nilichokikuta kilikuwa kweli.

Na popo wa Mwalimu wanaofanya fujo, wengi wao ndio wanaosambaza mbegu za huo mkuyu mtoni. Naacha hapo.

#11 Fundi Msumeno

@Popo wa Mindu nyigu wanapandana na dada zao? Sitakula kuyu tena maisha yangu.

#12 Chai ya Nyeri

Mwalimu hujambo. Zakayo wa mkuyu tumuache, hapa Kenya watu wamembandika Rais Ruto jina hilo kwa sababu ya kodi.

Mimi ni wa Nyeri, kwa hivyo nitamtaja mama yetu Wangari Maathai. Wengi wanamjua kwa Nobeli ya 2004 na kwa vuguvugu la Ukanda wa Kijani aliloanzisha 1977. Lakini katika kumbukumbu zake za maisha anarudi sana kwa mti mmoja. Akiwa mtoto, mama yake alikuwa akimtuma kuni, lakini alimkataza kabisa kuokota kuni za mugumo. Ule ni mti wa Mungu, hauguswi. Mugumo ni ndugu wa huo mkuyu wenu. Karibu nao palikuwa na chemchemi, na majini mayai ya chura yaliyokuwa kama shanga. Alikuwa akijaribu kuyainua ajivike shingoni, yanakatika. Miaka baadaye akarudi kutoka masomo Marekani. Shamba lilikuwa na mwenyewe mwingine, mugumo umekatwa ili chai ipate nafasi. Chemchemi imekauka. Vyura hakuna.

Ukisikiliza hotuba yake ya Oslo, anamalizia na hayo mayai ya chura. Angeweza kumalizia na takwimu.

Ila kuna kitu Fundi amenifanya nifikirie. Sababu pekee aliyopewa na mama yake ni kwamba ni mti wa Mungu. Aliyekuja na chai hakuwa amesikia hiyo hadithi, ama aliisikia na kanisa likamwambia ni upagani. Kwa hivyo katazo pekee lilidumu kizazi kimoja. Kilichofanya Wangari apigane ni kwamba yeye alikuwa amecheza pale.

#13 Mbeba Maboksi Montreal

Nipo zamu ya usiku, nasoma mmoja mmoja. Naweka ya huku.

Mwaka 1953 gazeti moja la Marekani lilimwomba mwandishi Mfaransa, Jean Giono, aandike kuhusu mtu wa ajabu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Akaandika kuhusu mchungaji mzee kwenye milima mikavu ya kusini mwa Ufaransa, anayekaa peke yake. Kila jioni mzee anamwaga mbegu za mwaloni mezani, anazichambua moja moja, anatupa zenye ufa na zilizo ndogo, mpaka apate 100 safi. Kesho yake anakwenda na fimbo ya chuma, anatoboa ardhi, anatia mbegu, anafukia. Alishapanda laki moja. Zilizoota ni elfu 20, na anategemea nusu ya hizo zitaliwa na panya au kufa tu. Inabaki elfu 10 mahali ambapo hapakuwa na kitu. Vita vya kwanza vinapita, vya pili vinapita, yeye anapanda. Mito inarudi.

Gazeti likafuatilia, likakuta hakuna mtu kama huyo. Likakataa makala. Giono akaitoa bure, ikaenda kwingine, ikatafsiriwa lugha nyingi, na watu wakaendelea kuuliza huyo mzee kazikwa wapi. Mwaka 1957 akamwandikia afisa mmoja wa misitu, akakiri kwamba mzee ni wa kubuni. Lengo lake lilikuwa kuwafanya watu wapende miti, au hasa wapende kuipanda. Huku Kanada Frédéric Back aliichora ikawa filamu, 1987, ikachukua Oscar.

Kinachonigusa mimi si kupanda. Ni pale mezani, kuchambua mbegu. Marehemu babu yangu alichambua maharage ya mbegu hivyo hivyo, midomo inahesabu kimya kimya, na sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni kazi ya kuandikiwa kitabu.

#14 Mtu wa Haki

@Mbeba Maboksi Montreal hiyo nimeipenda. Na Bimkubwa, nimekusoma vizuri, asante kwa upole wako.

#15 Kalamu ya Wino wa Pweza

Naandika hadithi za watoto, bado natafuta mchapishaji, kwa hiyo nipimeni kwa hilo.

Ugonjwa wetu waandishi wa Kiswahili ni "mti mkubwa". Soma miswada kumi, tisa ina wazee wamekaa "chini ya mti mkubwa". Mti gani? Mwembe na mkungu vivuli vyao havifanani, mmoja utakudondoshea embe usoni, mwingine utakuachia jani jekundu pana kama sahani. Ukiandika "mti" msomaji haoni kitu. Andika mkorosho umeinama mpaka tawi linalala chini na mtoto anaupanda bila kunyanyua mguu, hapo ananusa bibo.

Na lugha tunayo, tunaikalia. Nazi peke yake inabadilisha jina kila inapokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Watu walioyatunga majina hayo walikuwa wanautazama mnazi kila siku kama mzazi anavyotazama meno ya mtoto. Mtoto wa mjini leo anajua nazi ya kwenye mfuko. Hadithi inaweza kumrudishia yale manne mengine bila kumpa somo: mwizi alipanda kuiba madafu, akakuta makoroma, ikawaje? Tayari anataka kujua tofauti.

Jambo jingine, na hapa najisema mwenyewe. Mti usiwe mwalimu. Miswada yangu ya mwanzo miti yote ilikuwa inahutubia: "Enyi binadamu, mbona mnatukata?" Mhariri mmoja aliniandikia pembeni, huu mti unafaa kugombea udiwani. Alikuwa sahihi. Mkuyu wa kima hausemi neno. Unazaa, unadondosha, unashika moyo wa mtu. Kila kitu kwenye kisa kile kinautegemea, na haujipigii debe. Ndiyo maana yule binti aliufuata. Angehutubiwa angekimbia kama sisi sote.

Ndiyo maana nasema "alilia" kwangu sawa, ila mara moja. Ukilia ukurasa mzima, kalamu nyekundu ni haki yake.

#16 Chelewa ya Ufagio

"Unafaa kugombea udiwani" nimecheka mpaka mume wangu kaamka.

Mimi sina hadithi ya utotoni. Nina ya Bagamoyo. Pale misheni ya Wakatoliki, iliyoanza 1868, kuna mbuyu, na mwongoza wageni hukuonyesha kipande cha mnyororo kimetokeza kwenye gome, kifupi kama kidole. Wanasimulia kuwa mama mmoja Mfaransa aliyekuwa akitibu watu hapo alikuwa akimfunga punda wake kwa mnyororo kwenye mti, siku moja akausahau. Mbuyu ukaendelea kunenepa, ukaumeza.

Nilikwenda na kundi la harusi, watu wamevaa viatu virefu, wana haraka ya kula. Kila mmoja alisimama akaugusa ule mnyororo. Kuna mibuyu mingapi Bagamoyo? Hatukugusa mwingine hata mmoja.

#17 Fundi Msumeno

Sawa, nimeshasoma yote. Bado nasema hadithi haipiki ugali.

Mwalimu, huo mkuyu una unene gani? Mti wa aina hiyo hauna mbao ya maana, mwepesi, mchwa wanaushangilia. Anayeukata anapata kuni mbaya na shimo. Kama shida ni vyoo, kuna kukata mzizi mmoja mmoja kwa utaratibu na kupunguza tawi la upande wa paa. Kesho sina kazi. Naweza kupita kuuona, bure. Sitaki maua yenu.

#18 Mwalimu wa Zamu

Fundi, karibu sana. Ujumbe nimekutumia pembeni.

#19 Mwalimu wa Zamu

Mrejesho. Fundi alikuja juzi na kamba, panga na msumeno wa mkono, ule wa petroli aliuacha nyumbani. Alizunguka mti mara tatu bila kusema kitu. Akachimba kidogo upande wa vyoo, akagonga mzizi na kisogo cha panga, akasikiliza. Darasa la tano lote lilikuwa dirishani, nikaacha kujifanya nafundisha.

Kikao kimeahirisha. Sisemi wamefuta, wameahirisha mpaka mvua za masika zipite. Suala la nzi limebaki, tumepanga zamu ya kufagia makuyu asubuhi, na watoto hawaipendi.

Tulipasua kuyu. Wasichana wawili walipiga kelele, mvulana mmoja akauliza kama nyigu wana ngeli gani.

Insha nilimrudishia alama zake. Nikaandika pembeni: "Kwenye mtihani andika ulilia." Akasoma, akauliza, "Na kwenye hadithi?" Nikamwambia hapo ni yeye na kalamu yake.

#20 Bimkubwa wa Unguja

Alhamdulillahi. Fundi hebu tueleze na wewe, mti hali yake vipi?

#21 Fundi Msumeno

Hali nzuri. Mzizi mmoja tu ndio wenye shida, nimeukata nusu, nusu nyingine baada ya mvua asije akatikisika. Juu amepunguzwa tawi moja la upande wa paa. Ana kidonda cha zamani shinani, kuna mtu aliwahi kumchoma moto, lakini kimefunga vizuri. Atakaa.

#22 Kiboko ya Ngeli

@Fundi Msumeno soma ulichoandika.

#23 Fundi Msumeno

Nini?

#24 Kiboko ya Ngeli

"Asije akatikisika." "Amepunguzwa." "Kumchoma." "Atakaa."

#25 Fundi Msumeno

Simu imebadilisha yenyewe.